Viazi Vitatu Havionekani

Sokoni asubuhi ile palikuwa hapapitiki. Binti muuza viazi, ambaye soko zima lilimwita Malkia wa Gunia, alimwona kijana wa shati jeupe amechutama kwenye rundo lake la viazi vilivyooza, akichagua kimoja kimoja kama mtu anayechagua pete.

"Kaka, vizima viko huku juu."

"Nataka vibovu, dada. Kadiri vilivyooza ndivyo vinavyonifaa."

"Unafuga nguruwe?"

"Nina maabara."

Mama wa nyanya, jirani yake, alicheka mpaka mizani ikayumba.

Kijana akaeleza. Alikuwa akisaka ule ukungu unaobabua shamba zima la viazi ndani ya wiki. Yeye na wenzake huchukua jeni za kiazi mwitu kisichougua, huzipandikiza kwenye kiazi cha kawaida, kisha hukimwagia ukungu waone kama kitakufa.

"Yaani mzima unamtafutia ugonjwa?"

"Ili asiugue tena."

"Haya, chukua bure. Ila kesho uje ununue vizima, watu wasiseme nimelogwa."

Kesho akaja. Keshokutwa akaja. Wiki ya pili, mama wa nyanya alishajua mpaka rangi ya soksi za Mtaalamu, kama soko lilivyombatiza kijana. Na simu nazo hazikupoa.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeua viazi vingapi leo?"

"Vya kawaida vyote. Vyetu vimegoma kufa."

"Vina kiburi kama mimi."

"Ndiyo maana navipenda."

Siku moja Mtaalamu akampeleka Malkia kwenye banda la kioo la maabara, akamvalisha koti jeupe na viatu vya mpira vilivyompwaya kama mitumbwi. Kushoto, majani meusi yamelala chini. Kulia, kijani kibichi, kama vile hakujatokea kitu. Malkia, aliyepoteza magunia kumi na mawili kwa ukungu huohuo msimu uliopita, machozi yalimlenga. Mtaalamu alipogeuka kupokea simu, mkono wa sokoni ukafanya kazi yake: viazi vitatu vilivyovunwa, mfukoni. Muuzaji gani haonji bidhaa?

Jumapili shangazi yake Malkia alimkaribisha kijana chakula cha mchana. Nyumba ilijaa hadi kizingitini. Mtaalamu alikuwa kwenye sahani ya pili ya mchuzi simu yake ilipolia.

"Vitatu havionekani? Bosi, nilivihesabu mwenyewe... Ndiyo, najua vyote vinatakiwa kuteketezwa. Najua havijaruhusiwa kuliwa."

Kijiko cha Malkia kilidondoka. "Mpenzi, usivitafute mbali. Kimoja kiko kwenye sahani yako."

Mtaalamu akaisukuma sahani.

"Ulinifuata mimi au viazi?"

"Nilitaka uonje kazi ya mikono yako!"

"Nitafukuzwa kazi!"

"Kwani vina nini?" shangazi akadakia. "Mbona mimi goti limeacha kuuma?"

Mtaalamu akaondoka bila kunawa. Siku nne simu yake ilikuwa imezimwa. Ya tano, mama wa nyanya akaleta habari: kijana wa watu amesimamishwa kazi.

Malkia hakungoja chai. Alivaa gauni la bluu na viatu vya kisigino, akaingia ofisini kwa bosi, mama mmoja mwenye miwani minene, na kuweka mfuko mezani.

"Mwizi ni mimi. Yeye hakujua. Maganda haya hapa, nimeyafukua kwenye pipa la shangazi."

Bosi alichungulia, akaziba pua. "Miaka yote kazini, hakuna aliyewahi kunirudishia maganda." Akacheka, kisha akakunja uso. "Yeye atarudi kazini na onyo. Wewe banda langu ulisikie redioni tu." Akamwita Mtaalamu ajaze fomu ya tukio.

Mtaalamu aliandika bila kumtazama Malkia. Jina, kazi, kosa. Kalamu ikasimama.

"Wanauliza uhusiano wako na mtafiti," akanong'ona. "Niandike nini?"

"Andika mwizi."

"Hiyo nimeshajaza kwenye kosa."

"Basi andika muuza viazi wake wa zamani."

"Nikiandika mchumba, utanikana?"

Malkia alishika kiuno. "Unanichumbia kwenye fomu ya wizi?"

"Ina nakala tatu na muhuri. Nani mwingine atakupa hivyo?"

"Binti, jibu," bosi akagonga meza. "Nina kikao."

"Andika," Malkia alisema. "Ila kwa herufi kubwa. Shangazi haoni vizuri."