Boti Iliyotuma Neno

"Sangara amekata nyavu."

Maneno matatu ya mtoa habari wake kwenye simu, na Sihaba akaiacha chai yake kwenye mgahawa wa Buzuruga. Maana yake aliijua: boti iliyobeba mabomu imetoka kisiwani, na ramani ya doria haiioni.

Dakika tisa baadaye pikipiki yake ya Yamaha ilisimama kwenye kituo cha doria ya ziwa, Kirumba. Aliingia chumba cha kompyuta, bastola ya Glock kiunoni. Venant, fundi aliyeiandika programu ya ramani, akainuka.

"Ziwa liko shwari, afande. Hakuna boti ngeni."

Redio ikakoroma. Alikuwa Odeta, mwenzake kazini kwa miaka sita, akiwa kwenye boti ya doria. "Mimi na Obedi tunayakaribia mawe. Njia iko wazi?"

"Simameni hapo hapo."

Boti isiyotuma taarifa za safari yake hunaswa na rada. Hii haikunaswa; basi ilikuwa inatuma. Sihaba alipitia taarifa zenyewe, mstari kwa mstari. Boti zote zilitaja kasi kwa namba. Moja ilituma neno: "polepole".

"Programu ikikuta neno hapa inafanyaje?"

"Inairuka boti nzima," Venant alisema. " Kimya kimya. Lugha hii ya kompyuta hailazimishi useme hapa ni namba, pale ni maneno. Ni hiari. Nikapaacha wazi, tubane baadaye."

Baadaye, ugonjwa wetu sote. Adui hakuhonga mtu. Alisukuma mlango tu, akakuta umerudishiwa.

"Bana sasa. Yote."

"Nikibana yote itagoma kuwaka. Kuna sehemu arobaini za kurekebisha."

"Basi bana kasi peke yake."

Venant akaandika sharti moja. Kasi ni namba. Kikija kingine, piga kelele.

Kioo kikawaka nukta nyekundu.

"Odeta! Kulia kwako, nyuma ya mawe. Mita mia tatu."

Risasi zikajibu kabla ya Odeta. Sihaba akamwita redioni mara ya pili, mara ya tatu.

"Tumewakamata," Odeta alisema. "Makreti sita ya mabomu. Obedi hayupo tena."

Venant alikuwa analia. "Niliomba wiki mbili za kubana yote, afande. Kwa barua."

Sihaba aliikumbuka barua ile. Pembeni ilikuwa imeandikwa: *Hakuna muda. Ibaki hiari.* Mwandiko ulikuwa wa Sihaba mwenyewe.

Aliitoa kwenye faili, akaiweka juu ya meza ya mkuu wa kituo, mahali pa kuonekana.

"Wiki mbili zako zinaanza leo," alimwambia Venant.

Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaenda kumwambia mama yake Obedi.