Kabureta ya Pili

Boneti ilikuwa na joto. Ambrosi aliigusa asubuhi moja ya mvua, akirekebisha turubai lililoteleza, akauondoa mkono haraka, kisha akaurudisha. Si joto la jua, maana jua lilikuwa halijaonekana Mpanda siku nyingi. Lilikuwa joto la mtu mwenye homa. Na gari lenyewe lilikuwa halijawaka tangu Wazungu wa mgodi waondoke, kabla Ambrosi hajazaliwa.

Mtu mwingine angeita majirani. Yeye alijisemea kwamba paka amelala pale usiku kucha, akaingia ndani kunywa uji.

Ndivyo alivyokuwa, mbishi hasa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza malori ya mbao uani kwake Ilembo, na kazi hiyo aliijua sana, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona chuma cha zamani kikaachwa kife kwa amani. Gari hili, MG ya Kiingereza yenye viti viwili, rimu za spoku na boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, alilikuta kwenye banda la mgodi wa zamani likiwa limefungwa minyororo kwenye ekseli zote mbili. Nani anafunga minyororo gari bovu? Ambrosi hakujiuliza. Aliomba alichukue, mlinzi akamwambia abebe hata leo, naye akaikata minyororo kwa msumeno huku akicheka jinsi Wazungu wanavyoogopa wezi.

"Viti viwili," mkewe Restituta alisema lilipofika. "Na sisi tuko watatu."

"Wewe na Goreth mtakaa. Mimi nitasukuma."

Goreth alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na miaka saba, mtoto wao wa pekee. Kabla yake Restituta alikuwa amezika wawili wachanga, na alipozaliwa huyu, Ambrosi alikaa nje ya wodi akalia hadharani bila kumwonea mtu aibu. Ukitaka kujua mtu yule alikuwa na nini duniani, alikuwa na mtoto huyo. Vingine vyote vilikuwa vyuma.

Basi akalitengeneza. Mbao za ndani ya bodi zilikuwa zimeoza, akachonga nyingine za mninga. Bolti zake zilikataa spana zetu za kawaida, akakaa na tupa akichonga spana za kuzitosha. Kilichobaki kikawa kabureta. Gari lile lilikuwa na mbili, zimekaa bega kwa bega, na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inachechemea. Fundi anazisawazisha kwa sikio: anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, anasikiliza hii, anasikiliza ile, anakaza na kulegeza mpaka zilie sauti moja.

Ya kwanza haikumsumbua. Ya pili ilikuwa imeziba. Tiba ya kabureta iliyoziba kila fundi anaijua: unapuliza kwa mdomo. Lakini Ambrosi alikuwa ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikilia vyuma visiachane. Akamwita mtoto.

"Njoo mama. Weka mdomo hapa, puliza kwa nguvu."

Goreth akapuliza. Mashavu yakajaa, macho yakamtoka, kisha akatulia na mdomo wake ukiwa palepale. Baba yake akadhani anatania. Alipomvuta bega, midomo ilibanduka kwenye chuma kwa mlio mdogo.

"Baba," alisema akihema, "inanivuta."

"Hicho ni chuma, mama. Chuma hakivuti mtu."

Jioni ile gari liliwaka mara ya kwanza tu lilipojaribiwa. Restituta alitoka jikoni akipiga vigelegele vya dhihaka, kisha akanyamaza na kuziba pua kwa khanga. Moshi ulinuka petroli, ndiyo, ila chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine, ya mdomo wa mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi.

Ambrosi akachukua mpira wake akasikiliza. Kabureta ya kwanza ilifoka vizuri. Ya pili ilivuta, ikatulia, halafu ikatoa, na upepo wa vuguvugu ukamwingia sikioni. Kabureta huvuta hewa tu, haitoi, hata mwanafunzi wa ufundi analijua hilo. Akazima injini.

Sufuria ikaanguka jikoni.

"Baba Goreth! Baba Goreth, mtoto hapumui!"

Alimkuta amelala karibu na mafiga, midomo imekuwa ya bluu, kifua hakipandi. Lori linaloweza kutembea halikuwepo uani siku hiyo. Akambeba mpaka kwenye gari, akamweka mapajani mwa mama yake na kuwasha, na injini ilipoitika tu Goreth akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia.

Kwenye zahanati, kwa haraka, aliliacha gari likiunguruma nje. Nesi alimpima mtoto, akasema kifua ni safi, kisha akaomba kelele zile zizimwe kwa kuwa kuna wagonjwa. Ambrosi akatoka akazima. Alimsikia mkewe akipiga yowe kabla hajageuka. Akawasha tena, na yowe likakoma, na kupitia dirishani akamwona mtoto wake akihema mikononi mwa nesi. Alisimama kwenye mvua na mkono wake kwenye swichi, asithubutu kuuondoa, maana sasa alijua.

Toka hapo gari halikuzimwa. Liliunguruma uani chini ya turubai mchana na usiku, Ambrosi akiliongezea maji na mafuta, na Goreth alilala ndani akipumua kwa kufuata mzunguko wake. Injini ikipanda, kifua chake kinapanda. Ikichechemea, anashika shingo.

Danford, jirani yao aliyefanya kazi stesheni ya reli, ndiye aliyemleta Mzee Kasimu, mtu wa kusomea wagonjwa dua.

"Sisi ni Wakatoliki," Restituta alinong'ona mlangoni. "Padre akisikia?"

"Mama Goreth, padre ameshakuja na maji ya baraka," Danford akamjibu taratibu. "Alitoka hapa uso umempauka. Mwache mzee aingie."

Mzee Kasimu hakufukiza chochote kwanza. Aliomba ule mpira, akauweka sikioni, akauelekeza kwenye kabureta ya pili, akasikiliza kwa muda mrefu huku midomo yake ikisoma. Alipoutoa, sikio lake lilikuwa na umande.

"Ni jini wa shimoni," alisema kwa sauti ya chini sana. "Waliochimba walimtoa huko, wakamfungia humu, wakamwacha bila pumzi mpaka alale. Namwamuru amwache mtoto, anagoma. Anasema hakuiba. Anasema alipewa, tena kwa mdomo."

"Nani kampa?" Restituta aliuliza.

Mvua ilipiga bati. Ambrosi alitazama mikono yake.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia apulize."

Restituta hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimtazama tu, kisha akarudi ndani kwa mwanawe. Ambrosi angefurahi kama angempiga.

"Sikiliza, mwanangu," mzee akamshika mkono. "Pumzi ni moja, wanapokezana. Akitoa huyu, anavuta yule. Injini ikizimika mtoto akakaa muda bila pumzi, atabaki nayo yule mwingine. Nitamsomea asubuhi na jioni mpaka achoke amwachie. Anaweza kuchoka. Lakini gari lisizimike."

Alisoma kila siku, na mwanzoni palikuwa na matumaini. Goreth aliweza kukaa, akaomba viazi, akamuuliza baba yake lini watakwenda kutembea. Mzee alisema jini ameanza kulegea. Kilichowaangusha ni mvua. Ilikuwa ile mvua ya mwisho wa mwaka tisini na saba, iliyojaza mito na kukata barabara kila upande, na mwishowe ikala tuta la reli, treni ikaacha kuja Mpanda. Chumvi ikaadimika, sabuni ikaadimika, petroli ikawa inatafutwa kwa chupa. Ambrosi alimaliza pipa lake. Alizunguka kwa kila mwenye pikipiki mpaka Magamba, akipiga magoti kwa watu aliowahi kuwatengenezea, nao walimpa, maana habari ilikuwa imeenea. Kisha nao wakaishiwa.

Siku moja, petroli ikiwa imebaki kidogo, aliweka akiba chupa moja, nyingine akaichanganya na mafuta ya taa. Injini ikakohoa moshi mweusi, na ndani Goreth akakohoa, akakohoa tena, na alipofutwa mdomo, kitambaa kilikuwa na masizi. Restituta akaja na kitambaa kile mpaka uani akamwonyesha, na Ambrosi akafungua tangi kuyatoa yale mafuta kabla kilichomo kwenye kabureta hakijaisha, akimwaga, akisafisha, akirudisha kiasi kile kidogo cha petroli safi kilichobaki, akihesabu kila mlio wa injini kana kwamba ni yeye mwenyewe anayepumua.

Mchana wa siku iliyofuata Danford alikuja akikimbia kwenye matope.

"Treni! Wameunga reli, treni imeingia! Kuna behewa la mapipa, nimeshasema na stesheni masta, njoo na dumu!"

Restituta aliketi kwenye kiti cha gari na Goreth mapajani, maana mtoto alipumua vizuri zaidi akiwa karibu. Ambrosi akapunguza mzunguko mpaka injini ikawa inanong'ona.

"Petroli itatosha?" mkewe akauliza.

"Itatosha. Naenda na kurudi."

"Baba," Goreth alisema kwa sauti ya kukwaruza, "usikae sana."

Alipanda baiskeli. Barabara ilikuwa mto, akaanguka, akainuka, akaikokota. Stesheni watu walikuwa wamejazana kwenye mabehewa, lakini Danford alimpitisha, akajaziwa dumu, akalifunga nyuma kwa mpira na kugeuza. Alirudi akisali Salamu Maria kwa sauti, akiwa hajui amefika wapi kwenye sala, akirudia mwanzo, akichanganya na jina la mtoto, matope yakimrukia usoni, na kila alipopita nyumba alitega sikio mbele akiogopa ukimya, mpaka alipopita ukuta wa mwisho kabla ya kona ya kwake, na hapo akaisikia.

Injini ilikuwa inaunguruma.

Ambrosi alicheka. Alicheka kwa sauti katikati ya mvua, akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa akikinga maji barazani kwake, asiyemjua vizuri, akamwambia, "Unasikia? Bado linaunguruma! Unasikia?" Tena liliunguruma vizuri, bila kuchechemea hata kidogo, kabureta zote mbili kwa sauti moja, jinsi alivyokuwa amehangaika kuzisawazisha siku zote zile akashindwa. Aliingia uani akikimbia na dumu mkononi.

Restituta alikuwa amekaa chini kwenye matope, nje ya gari, mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Goreth alikuwa mapajani mwake, amefunikwa khanga mpaka kichwani. Mzee Kasimu alisimama pembeni na kofia yake mkononi.

"Lilizima," Restituta alisema. Alikuwa hajaanza kulia. "Ulipotoka tu. Petroli ilikwisha, likazima, nikamshika, nikampuliza mdomoni, nikampuliza, nikampuliza. Hakupumua tena. Halafu likawaka lenyewe."

Ambrosi alifungua tangi. Lilikuwa kavu. Akazima swichi, injini haikubadilika. Akang'oa nyaya za betri, haikubadilika. Akaokota nyundo kubwa ya malori akainyanyua juu ya boneti, na mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Nimeshindwa, mwanangu, na nitakuambia ukweli. Pumzi yote imebaki humu. Ya mwanao imo humu. Ukivunja, jua unavunja nini."

Nyundo ikashuka polepole. Ambrosi aliinamia kabureta ya pili, hakuhitaji mpira wala chochote, akasikiliza hewa ile ikivutwa na kutolewa, nyepesi, ya haraka kidogo, pumzi ya mtoto aliyekuwa akicheza. Alikaa hapo mpaka baridi ya nguo zake zilizolowa ikamwingia mwilini. Kisha akaenda kuchukua dumu, akalifungua, akaanza kumimina petroli kwenye tangi, kwa uangalifu, asimwage hata tone.

"Unafanya nini?" Restituta aliuliza. "Baba Goreth, unafanya nini?"

"Asije akakosa pumzi," Ambrosi akasema, akaendelea kumimina.