Namba Sita Juu ya Jiwe la Posta

Jumapili ile, ndugu zangu, ungepita Mafiga nyumbani kwa Raphael ungesema hapa pana amani ya kugawia majirani. Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Witness, mkewe, alikuwa barazani akisukuma chapati, na Faraja, binti yao wa miaka kumi, alikuwa akimsimulia baba yake jinsi alivyowashinda wenzake wote kuruka kamba. Ukungu ulikuwa umeondoka milimani. Raphael aliitazama Uluguru, akasema, "Mama Faraja, Desemba hii tupande kwa mama. Wiki nzima."

Witness aliendelea kusukuma. Maneno hayo alishayasikia Desemba mbili. Na kabla chapati ya kwanza haijageuzwa, simu ikalia.

"Kaka Raphael, mfumo umegoma," ilikuwa sauti ya Zuhura kutoka kazini. "Unataka namba ya uthibitisho."

Raphael akaingia ndani kusoma namba, akatoka amevaa viatu. Chapati zake zikafunikwa, zikapoa, na mwishowe akazila Faraja.

Ngoja niwaeleze Raphael ni nani, msije mkadhani namsema mtu mbaya. Ni msimamizi wa kompyuta katika hospitali moja binafsi pale mjini. Jina lake tuliache. Zamani mafaili yote ya wagonjwa yalikaa kwenye seva moja, ndani ya chumba chenye kiyoyozi nyuma ya maabara. Siku hizi nusu ya kazi imebaki kwenye seva hiyo, na nusu imehamia kwenye seva za kukodi zilizo mbali, zinazofikiwa kwa intaneti. Ndiko wenyewe wanakoita winguni. Umeme ukikatika, wingu linabeba. Intaneti ikikatika, chumba kinabeba. Ni jambo zuri, ila linataka mtu anayezijua pande zote mbili na namna ya kuzifanya zielewane.

Kwa hiyo hospitali ilimpeleka Raphael Dar es Salaam wiki sita akajifunze. Sharti lilikuwa moja: akirudi awafundishe Zuhura na Hamza, wasaidizi wake. Mwalimu wake kule, Bi Raya, aliandika ubaoni siku ya kwanza: Msimamizi mzuri ni yule anayeweza kuugua na kazi isisimame. Darasa likacheka. Raphael akanakili maneno hayo kwenye daftari, akayapigia mstari.

Lakini alikuwa na hofu yake. Aliyemtangulia kwenye kiti kile, Mzee Yusuph, alimfundisha kazi yote bila kificho, na mkataba wake ulipokwisha hakuongezewa; kiti akapewa Raphael. Mzee sasa anafuga kuku Mlali. Kila Raphael alipoona jinsi Zuhura anavyoshika mambo upesi, alimkumbuka Mzee Yusuph na kuku wake. Kwa hofu hiyo siwezi kumcheka, maana wengi wetu tunayo. Namlaumu kwa alichokifanya nayo.

Mafunzo yalifanyika kwa siku tatu. Chai ilikuwepo, vitumbua vilikuwepo, karatasi ya mahudhurio ilisainiwa asubuhi na jioni, tena picha ya pamoja ikapigwa. Raphael alifundisha mbiombio, na kila Hamza alipouliza swali aliambiwa, "Hilo tutalifikia." Hawakulifikia. Mlango wa mwisho, yaani akaunti kuu inayofungua chumba na wingu kwa pamoja, aliufunga kwa namba sita ambazo mfumo huzituma kwenye simu moja tu duniani: simu yake. Kisha akamwandikia mkurugenzi ripoti kwamba wasaidizi wote wawili wameiva. Akasaini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Raphael aliingia taratibu, tena akitabasamu. Mwanzoni ilikuwa raha. Madaktari walimsubiri mlangoni, wahasibu walimwekea kiti. "Bila Raphael hapa hakuna hospitali," walisema, naye akijifanya hakusikia. Mwaka ukapita bila likizo. Wa pili ukaingia. Akawa anaoga simu ikiwa dirishani. Siku Faraja alipopokea komunyo ya kwanza, baba yake alikuwa nyuma ya kanisa anataja namba.

"Baba Faraja," Witness alimwambia siku moja, "wafundishe hao watoto wa watu nawe upumzike."

"Nikiwafundisha, kesho nitakula nini?"

"Kwani leo unakula saa ngapi?"

Raphael angetaka kuwafundisha sasa, lakini angeanzaje? Kuwafundisha ni kukiri kwamba ile ripoti ilikuwa ya uongo. Basi akabaki humo ndani, na kila siku aliukaza mlango alioufunga mwenyewe.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimeshika, Bernadeta, dada yake aliyekaa na mama yao kule Mgeta, akapiga simu. "Mama haamki tena kitandani. Anakuulizia wewe."

Shetani naye hachelewi. Wiki hiyohiyo seva ya chumbani ilikuwa imeanza kufa, na mafaili yaliyosalia yalikuwa yakihamishiwa winguni haraka. Kila baada ya saa chache mfumo ulidai namba sita. Raphael akaenda kwa mkurugenzi, Dokta Mwajuma, mama wa makamo mwenye roho nzuri.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Nimesikia habari za mama, pole sana. Nenda, kaa hata wiki mbili. Zuhura na Hamza si wapo? Uliniandikia wameiva."

Neno moja lingemtoa pale: nilikudanganya. Lilimfika kooni kabisa, msomaji, nusura litoke. Akasema, "Ndiyo, wapo."

Zuhura akamfuata hadi getini. "Kaka, tuachie ufunguo. Hata kwa siku hizi tu."

"Nitawatumia namba nikiwa hukohuko."

"Kwani kule kwenu mtandao upo?"

"Upo," akasema. Uongo wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Alipanda lori tupu lililokuwa likifuata kabichi, akapita Mlali, akamalizia kwa bodaboda na kwa miguu. Mtandao ulikuwepo kweli, ila mahali pamoja tu: juu ya jiwe moja kubwa lililo juu ya mashamba, mwendo wa dakika ishirini wa kupanda kutoka kwao. Wenyeji wanaliita Posta, kwa sababu habari zote za dunia hupokelewa pale.

Mama Cecilia alikuwa amelala, amekonda, macho yake mazima. Pembeni alikaa Mjomba Stefano, kaka yake, pamoja na Bernadeta na majirani. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, hivyo maneno ya mama kama yule kuhusu mashamba si ya kusikilizwa na mtu mmoja. Na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kufundisha. Nusu ya watu wa mteremko ule walijifunza kwake kupanda karoti na kukinga maji kwenye matuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rafaeli wangu. Kaa hapa. Hawa nimewaita kwa ajili ya mipaka. Wewe nina neno lako peke yako."

Akakaa, akamshika mkono. Kwa mkono wa pili akatoa simu. Hakuna mtandao. Akafikiria ile seva. "Nakuja, mama. Nusu saa tu."

Juu ya Posta jumbe saba zikamwangukia kwa pamoja. Akapiga, akataja namba, akashuka. Mama alikuwa amesinzia. Akasubiri. Kabla hajaamka, ikabidi apande tena.

"Mpwa wangu," Mjomba Stefano akamwuliza aliporudi, "huko juu kuna nani mkubwa kuliko mama yako?"

"Kuna wagonjwa, mjomba."

Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Wagonjwa walikuwepo, tena wasio na kosa. Lakini nani aliyewafanya wamsubiri yeye tu?

Asubuhi ya pili Mama Cecilia aliamka na nguvu za ajabu. Akawataja majirani mmoja mmoja, akataja mipaka: jiwe lile, mfereji ule, mti wa matunda aliopanda bibi yake. Watoto wakatumwa kwenda kugusa kila alama na kurudi. Alipomaliza akamgeukia mwanawe. "Sasa wewe."

Raphael alikuwa ameshasimama. "Mama, huko watakuwa wamekwama tangu jana jioni. Naenda mara moja, narudi."

Mama akamwachia mkono. "Nenda, baba. Ukirudi nitakuambia."

Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanguka. Alifika juu akihema, akampigia Zuhura. "Kaka, wagonjwa wamejaa dirishani, hakuna faili linalofunguka. Kuna mama amelazwa, daktari anataka kujua dawa zipi zinamdhuru, na jibu limo humo!"

Namba zikaja, mtandao ukakatika kabla hajazisoma. Namba hizo huishi dakika moja tu, kisha huombwa nyingine. Wakaomba nyingine. Mtandao ukakatika tena. Mara nne. Ya tano ikatulia kwenye kioo, namba zote sita, wazi kabisa. Na wakati huohuo, kutoka uani kwao, kikapanda kilio cha wanawake. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Bernadeta.

Mguu wake mmoja ulishashuka kwenye jiwe.

"Kaka? Kaka Raphael, upo? Tunasubiri."

Akasimama hapohapo, mguu mmoja juu, mwingine chini. Hakuweza kwenda na hakuweza kubaki. Akasoma huku analia. "Nne. Moja. Tisa. Tisa. Sifuri. Mbili."

"Rudia mbili za mwisho."

Akarudia.

"Imefunguka! Asante, kaka," Zuhura akashusha pumzi. "Mama anaendeleaje?"

Walimzika kesho yake alasiri. Watu walipoanza kutawanyika, Raphael alimvuta Bernadeta kando ya ukuta wa jikoni. "Dada, lile neno langu. Alisemaje?"

"Mipaka tunayo sote," Bernadeta akasema. "Hata watoto wa jirani wanaijua. Lakini lako hakumwambia mtu. Nilimwuliza, mama, nimpe mimi? Akasema hapana, atamwambia mwenyewe akirudi."

Raphael akakaa chini kwenye matope, na suti yake. Bernadeta akakaa naye.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, alipanda Posta kwa mara ya mwisho. Hakungoja kupigiwa. Alimpigia Dokta Mwajuma, akasema lile neno lililomkaba siku nyingi: nilikudanganya, hawakuiva, niliwaficha. Kisha akampigia Zuhura, akamwongoza hatua kwa hatua mpaka simu ya Zuhura na ya Hamza zikaingizwa kwenye akaunti kuu. Ilichukua dakika kumi na moja. Miaka miwili ya maisha yake ilikuwa imefungwa na kazi ya dakika kumi na moja.

Hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, na Zuhura akawekwa kuwa mkuu wa kitengo. Raphael yupo chini yake mpaka leo. Aliwafundisha wiki nne, safari hii bila picha ya pamoja. Akamwendea pia Mzee Yusuph kule Mlali kumwomba radhi kwa kile kiti, ingawa si yeye aliyemnyima mkataba, na mzee akampa jogoo. Jumapili anakula chapati za moto. Desemba wanapanda Mgeta wote watatu, naye huizima simu wakiwa bado Mlali. Lakini Faraja anasema baba yake, akifika kaburini, husimama muda mrefu kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

FUNZO

Ndugu zangu, choyo cha mali tunakijua na tunakisema. Choyo cha ujuzi tunakisifu, tunamwita mwenyewe mtu wa maana, hatuoni kwamba amejifunga na anatufunga nasi. Anayekataa kumfundisha mwenzake kwa kuogopa kunyang'anywa kiti, atakalia kiti hicho siku ambayo angetakiwa awe kando ya kitanda cha mama yake. Nanyi wakubwa wa kazi, msiwatupe akina Mzee Yusuph waliofundisha kwa moyo mweupe, maana anayebaki hujifunza kuficha. Wala msitosheke na karatasi ya mahudhurio. Mpeni msaidizi ufunguo siku moja mwenyewe akiwa hayupo, muone kama mlango unafunguka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Cecilia aligawa kila alichokijua, na mashamba yake yote yana watu wa kuonyesha mipaka yake. Neno moja tu alilibakiza kwa ajili ya mtu mmoja, na hilo ndilo walilozika naye.