Ua la Nne

Haya yalimpata shoga yangu Tsonka, alipochoka kusengenywa kwa kumwacha mumewe, akahamia kibanda cha marehemu shangazi yake, juu kabisa ya milima ya Rodopi.

"Utaongea na nani huko, mwenzangu?" nilimuuliza.

"Na mbuzi, shoga. Wao hawaulizi nalala na nani."

Na kweli, kule hakukuwa na jirani hata wa dawa. Siku ya tatu alichuma maua matatu, akayatia kwenye glasi mezani. Akafunga kufuli, ufunguo akauficha kifuani, akashuka kuchota maji. Ukungu ukatanda, mchana ukawa giza. Nyuma yake akasikia mlango ukilia kiiii, kisha kimya. Akajiambia ni upepo, ila upepo haukuwepo.

Aliporudi, kufuli lilikuwa vilevile. Akaingia gizani, akapapasa meza kutafuta kiberiti, vidole vikagusa maua, vikayahesabu vyenyewe. Kwa desturi yetu, mtu aliye hai tunampa maua matatu au matano. Manne tunampelekea maiti kaburini.

"Nani yumo?"

Akahesabu tena. Yalikuwa manne, na shina la ua la nne bado lilikuwa na joto la kiganja.