Mstari Ulioachwa

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare, Sadiya alimsaidia mama yake, Falis, kufukiza mitungi ya maziwa ya ngamia. Nyumba nyingi za mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, hufukiza, lakini maziwa ya Falis yalikaa siku mbili zaidi bila kuharibika. Alichoma magome ya mti fulani, kwa namna aliyofundishwa na bibi yake. Mti gani? Msiniulize, mtaona sababu.

Bi Nakal, mwenye kiwanda kidogo cha maziwa mjini, alitaka kutengeneza mtindi kwa ufundi huo, Falis awe msimamizi. Kwanza alileta mkataba wa kutunza siri. Falis hakujua kusoma, kwa hiyo Sadiya alimsomea. Saa ya shule ilikuwa imekaribia, naye akauruka mstari mmoja mrefu.

"Umesikia yote, Mama Sadiya?" Bi Nakal aliuliza.

"Mtoto amenisomea yote," Falis alijibu kwa fahari, akabonyeza kidole gumba chenye wino kwenye karatasi.

Siku hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, Sadiya alimsimulia rafiki yake Tiya habari za mkataba. Tiya aliangua kicheko. "Siri ya moshi? Moshi ni moshi tu!"

Sadiya alikasirika, akautaja mti. Kengele ikalia kabla hajaeleza namna ya kufukiza. Wala hakuona kosa, maana kidole kilichobonyeza karatasi hakikuwa chake.

Wiki iliyofuata Bi Nakal alikuja na kikombe cha maziwa aliyonunua kwa mama yake Tiya. Falis alionja, uso ukamshuka.

"Mti ni ule ule," Bi Nakal alisema. "Umemwambia nani?"

"Wallahi, sijamwambia mtu!"

"Basi siwezi kuendelea na wewe, Mama Sadiya. Pole."

Falis alikaa chini. Sadiya angeweza kunyamaza, lakini mama yake angeitwa mwongo Isiolo nzima.

"Ni mimi niliyemwambia Tiya," alisema. "Lakini mimi sikuweka kidole."

Bi Nakal alimpa mkataba. "Soma tena. Usiache kitu."

Sadiya alisoma mpaka akaufikia ule mstari: "Siri hii inamfunga mwenye kuweka kidole pamoja na kila mtu wa nyumba yake."

"Huo hukunisomea," Falis alisema.

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Nimeapa mbele ya mgeni, kumbe siri imetoka nyumbani kwangu."

Maneno hayo yalimuuma Sadiya kuliko kiboko, akalia.

Bi Nakal alimwacha alie, kisha akauliza, "Ulimweleza pia jinsi ya kufukiza?"

"Hapana. Mti tu."

"Siri ya mti haiwezi kurudi, na Tiya hana kosa, hakujua. Lakini ufundi bado ni wenu, na umesema kweli bila kulazimishwa. Tutaandika mkataba mwingine. Sadiya, biashara huendeshwa kwa kuaminiana. Anayemsomea mwenzake ameshika macho yake, na anayeijua siri ameibeba, hata kama hakuweka kidole."

Siku ya mkataba mpya Sadiya alisoma polepole, neno kwa neno. Falis alisubiri, kidole chake chenye wino kikiwa juu ya karatasi.

"Imeisha?"

"Bado mstari mmoja, mama."

Falis akangoja.