Pesa Inayobaki Njiani

Fundi aliamka amechoka vilevile alivyolala. Miguu mizito kwa kukanyaga cherehani kutwa, na mgongo ndio usiseme. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Cha nyuma analala mama yake mzee, mgonjwa wa presha, na dawa za presha hazingoji mtu.

Cherehani zilikuwa mbili, yake na ya mdogo wake. Zamani walishona huku wanataniana mpaka wateja wanacheka. Siku hizi hata salamu ilitoka kwa shida.

Shida ilikuwa pesa ya dawa. Binti wa fundi yuko ng'ambo, anafanya usafi hospitalini. Kila akilipwa, anatuma. Pesa inaingia kwenye simu ya baba yake mdogo, maana simu ya fundi imezeeka, mara iwake mara izime. Mdogo anaitoa, anaileta nyumbani.

Sasa fundi ana tabia ya kusikiliza redio akishona. Redio ikitaja bei ya pesa za kigeni, yeye anapiga hesabu kwa chaki, hapohapo juu ya kitambaa. Kila mara hesabu inagoma. Binti anasema katuma bure, hakukatwa hata senti. Huku inafika pungufu, na dawa zinanunuliwa nusu. Nani kaila?

Hakuuliza. Angeuliza, yangekwisha. Yeye akanuna, kisha akaanza maneno ya pembeni.

"Wengine tunawaona na viatu vipya."

Mdogo mtu si mtoto, akaelewa. Akaanza kufungua cherehani yake mezani.

"Nimepata kibaraza kwingine, kaka. Nahama."

"Hama."

Akahama kweli.

Siku ya pili yake akaja jirani kuchukua sketi. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye duka la kubadilisha pesa, mpaka goti likamkatalia kusimama.

"Fundi, hizi tarakimu kwenye sketi yangu ndiyo mitindo ya siku hizi?"

Fundi akaona aibu. Akaeleza yote. Jirani akavuta stuli, akaketi, akanyoosha goti lake.

"Hiyo bei ya redio ni ya mabenki yakiuziana yenyewe. Mimi na wewe hatupewi."

"Lakini kampuni anayotumia binti imemwandikia kutuma ni bure!"

"Na pale mlangoni kwako umeandika nini?"

Fundi akageuka kutazama maandishi yake mwenyewe: KUSHONA BURE UKINUNUA KITAMBAA HAPA.

"Unanishonea bure kwa kunipenda?"

"Aa, jirani. Hela yangu nimeiweka kwenye kitambaa."

"Na wao wameiweka kwenye bei ya kubadilisha. Pesa moja ya kule, tuseme ina thamani ya mia huku. Wao wanampa binti yako tisini na sita. Nne zao. Si wizi huo, ndiyo biashara yao. Wengine wanakata ada waziwazi. Wengine wanachukua kotekote. Na ukitaka ifike papo hapo, mara nyingi unaongeza."

"Sasa nafuu nitaijuaje?"

"Asiulize tu wanakata ngapi. Aulize, nikitoa kiasi hiki, nyumbani zitafika ngapi? Aulize kampuni kadhaa zenye kibali, siku hiyohiyo, kiasi kilekile. Inayofikisha nyingi ndiyo yake."

Fundi akaazima simu ya jirani, akampigia binti. Binti alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, sauti imekwisha.

"Baba, hapa kwenye simu pameandikwa zilizofika. Ngoja nikusomee."

Akasoma moja moja. Zilikuwa zilezile alizoleta mdogo mtu, hakuna iliyopungua. Fundi akamweleza binti namna ya kuuliza, kisha akamrudishia jirani simu yake.

Binti akafanya alivyoelekezwa. Akapata kampuni nyingine, yenye ada ndogo lakini bei nzuri. Pesa ilichukua siku mbili njiani. Mdogo mtu akaileta, akasimama mlangoni.

"Safari hii ni nyingi. Hesabu."

"Sihesabu."

"Hesabu, kaka. Nisije nikaambiwa nina viatu."

Fundi akahesabu, mikono mizito. Dawa za mwezi mzima, na chenji juu. Akamweleza mdogo wake habari za ile bei, yote mpaka mwisho. Mdogo akasikiliza, hakucheka.

"Kwa hiyo siku zote hizo ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza."

"Basi niulize sasa."

Fundi akaweka pesa chini. "Ulichukua?"

"Sikuchukua."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo mtu akakaa kwenye stuli, akavua viatu, akasugua nyayo.

"Kile kibaraza kina jua, kaka, we acha tu. Kesho njoo tuibebe cherehani. Mimi peke yangu siiwezi."