Usingizi wa Mapengo

Kila asubuhi mama yake alipoondoka kwenda hospitali, Kimya alikuwa bado kitandani. Alisikia mlango ukifungwa, kisha nyumba nzima ikanyamaza. Alikunywa chai peke yake, akavaa ufunguo shingoni, akaenda shule. Jioni alirudi kwenye vyumba vile vile viwili, akawasha redio ili apate wa kuongea naye. Jina la Kimya alipachikwa na wenzake darasani, maana tangu ahamie pale hakuwa akizungumza na mtu.

Siku moja mwalimu aliwataka waeleze kazi za wazazi wao. Zamu ya Kimya ilipofika, alisimama.

“Mama ni mtaalamu wa nusukaputi,” alisema.

“Ndiyo kufanya nini?” aliuliza Mapengo, mvulana aliyekaa naye dawati moja.

Kimya hakujua. Hakuwahi kuuliza. Lakini kwa mara ya kwanza darasa zima lilikuwa likimtazama, naye akaona haya kusema hajui.

“Anamuua mtu nusu,” alijibu, “halafu anamrudisha. Akiweza.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini kengele ikalia kabla hajasema zaidi. Mapengo peke yake hakucheka.

Kesho yake Mapengo hakuja shule, wala siku iliyofuata. Mwalimu akawaambia kwamba Mapengo alitakiwa kupasuliwa koo, lakini amejifungia chumbani na hataki kusikia habari za hospitali. Kimya aliketi peke yake. Dawati likawa pana mno.

Jioni hiyo alimsubiri mama yake mlangoni, akamweleza yote bila kuficha. Mama alivua viatu taratibu, akaketi.

“Mbona hukuniuliza, mwanangu?”

“Ukirudi unakuwa umechoka.”

Mama alimwonyesha kiti. “Basi sikiliza. Mtu akilala kawaida, ukimkata ataamka. Mimi nampa dawa ili alale asisikie maumivu. Ile dawa inaufanya mwili uwe mvivu, hata wa kuvuta pumzi. Kwa hiyo namsaidia kupumua, naangalia moyo wake unavyopiga. Daktari anashughulika na kidonda, mimi nashughulika na mwenye kidonda. Akimaliza, naacha kumpa dawa, namwita jina lake, anafungua macho.”

“Na ukisikia njaa, hutoki kidogo?”

“Sitoki.”

Kimya alitazama chini. “Kwa hiyo wagonjwa wako hawabaki peke yao.”

Mama akamvuta karibu.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Kimya alikwenda kwao Mapengo, akabisha mlango wa chumba alimojifungia.

“Nilikudanganya,” alisema. “Sikujua, nikajifanya najua. Mama haui mtu, hata nusu. Anamlaza, anamsaidia kupumua, anamwamsha.”

Mapengo aliuliza kutoka ndani: “Anaweza kuniacha katikati, aende zake?”

“Haendi. Mimi ndiye ninayemsubiri nyumbani, najua. Akiwa na mgonjwa, hata kwangu haji.”

Kitasa kikazunguka.

Mapengo alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Alipofungua macho, mama yake Kimya alikuwa kando yake. Kimya alipokwenda kumtazama, Mapengo alishindwa kuongea kwa sababu ya koo, akasogea tu kitandani ili mgeni apate pa kukaa.

Wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono Kimya.

“Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, kisha ukatafute anayejua. Kusema hujui ni aibu ya kitambo tu. Uongo wako ulikaribia kumnyima mwenzako matibabu. Na jambo unalolijua vizuri, lieleze kwa maneno ambayo hata mtu mwenye hofu atayaelewa.” Akatembea hatua chache. “Sasa niambie, wewe unashindaje nikiwa kazini?”

Kimya alitafuta maneno.

“Nashinda mpweke, mama.”

“Nimeelewa,” mama alisema, wala hakuuachia mkono wake mpaka walipofika.